Mgongo wa Kangaga

Aliyewahi kufanya kazi ya kahawa kwa Mjerumani hawezi kuliona jani akaliacha bila kuligeuza. Mimi hadi leo, bibi wa kutembelea fimbo, nikipita shambani kwa jirani mkono unanitangulia. Wajukuu wananicheka. Hawajui kwamba mkono huo ulifundishwa kwa kiboko.

Shamba lilikuwa chini ya mlima, upande wa Ngaramtoni, mali ya mlowezi mmoja aliyekuwa na hofu moja tu duniani, nayo ni kutu ya majani. Alitupanga sisi wanawake katikati ya mibuni akatuonyesha. Jani la kahawa lina unafiki: juu kijani, linang'aa, huna la kulisema. Geuza. Ukikuta unga wa rangi ya machungwa, unaoshika kidoleni ukiupangusa, basi mti huo unaumwa na shamba zima liko hatarini. Chuma jani, tia kikapuni, peleka motoni kabla upepo haujapita. Aliyeruka jani lenye kutu alilazwa chini mbele ya wenzake akachapwa. Nililazwa mara moja. Sikuhitaji ya pili.

Nayaeleza haya kwanza ili msomaji asije akaniona mpumbavu kupita kiasi kwa nilichokuja kukifanya.

Mume wangu alikuwa mtu wa nyuki. Sisi Waarusha tunalima na kufuga, naye alilima na kufuga kama wengine, lakini furaha yake ilikuwa mizinga. Ule msitu wa Meru alimokuwa akitega babu yake, Wajerumani walikuwa wameuwekea mipaka na mlinzi, na kukata mti humo bila kibali kulikuwa kesi ya bomani. Alikata gogo moja la mzinga. Moja tu! Mlinzi wa msitu alimkuta analichonga. Wakampa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha miezi sita ya mnyororo. Aliyeishi siku zile anaujua mnyororo: wanaume wanane au kumi, kila mmoja na pete ya chuma shingoni, wameungwa pamoja, wanachimba barabara za mji. Mmoja akitaka kuinama kufunga kiatu, kama angekuwa na kiatu, ingebidi wote wainame.

Miezi miwili ikapita. Ndipo habari ikatoka bomani kwamba mnyororo wa mume wangu ungepelekwa kwenye kazi ya reli, mbali, njia ya kwenda pwani. Ungeondoka Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Katika wale walioondoka na mnyororo uliotangulia hakuna aliyekuwa amerudi. Tangu siku hiyo nilikaa roho juu. Nikipika nasahau chumvi, nikisali nasahau amina. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Yeyo kama tunavyowaita mama zetu, aliacha kula asubuhi.

Katika siku hizo akaja kijijini kwetu, Olmotonyi, Mjerumani wa namna nyingine kabisa. Hakutaka shamba, hakutaka pembe, hakutaka kumbatiza mtu. Alikuja na wapagazi na mafurushi ya karatasi kuukuu, akapewa nyumba ya udongo iliyokuwa tupu, akaanza kupanda mlima kutafuta majani. Baadaye tukasikia kwamba si majani yote. Alitaka makangaga tu, yale majani ya kwenye unyevu ambayo machipukizi yake huanza yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Na katika makangaga alitaka jenasi moja tu, yaani, kwa maneno ya wasomi, ukoo mmoja wenye ndugu wengi wanaofanana. Watu walimcheka hadi wakashika mbavu. Kwetu kangaga halikuwa na jina hata moja la kulitenga na jingine. Mbuzi hali, ng'ombe hali, dawa si dawa, kuni si kuni. Ulipe jina la nini?

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia kwamba Bwana wa Boma alikula naye mezani.

Kwetu mtu anayeomba huruma hung'oa nyasi akazishika mkononi. Hata watu waliokuwa wanapigana, mmoja akionyesha nyasi, mwenzake anashusha mkono. Niling'oa nyasi nzuri, ndefu, nikaenda nazo hadi kwenye ile nyumba, nikapiga magoti mlangoni na kuzinyoosha kwa mikono miwili.

Akazipokea. Akazigeuza, akazinusa, akahesabu vifundo vya shina, akaingia ndani akazilaza katikati ya karatasi mbili. Kisha akatoka na kalamu mkononi.

"Mama," akaniuliza kwa Kiswahili cha kitabuni, kilichonyooka kuliko changu, "majani haya yanaitwaje kwa lugha yenu, nawe umeyatoa mahali gani?"

Nilikuwa karibu kulia. Badala yake nikakasirika, na kwa kweli hasira imenisaidia mara nyingi kuliko machozi.

"Bwana, hayo si ya kuweka kwenye karatasi," nikamwambia. "Hayo ni maombi."

Nikamweleza yote: gogo, mlinzi, mnyororo, reli, Jumatatu. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa mtu mpole, hilo sitamnyima. Nilipomaliza akasema wapagazi wake walikuwa na mikono mizito, walimwozeshea majani kwa kuyaacha kwenye karatasi zenye maji. Alihitaji mtu mwangalifu wa kubadilisha karatasi kila siku.

"Fanya kazi yangu vema," akasema, "nami nitamwandikia Bwana wa Boma kuhusu mume wako."

"Ukimwandikia, atasikia?"

"Atasikia."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Yeyo aliposikia alishika tama akanitazama muda mrefu, kisha siku hiyo akanywa uji wake wote.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Yeye angepanda juu na kulala huko siku kadhaa. Majani yangeshushwa yamebanwa katikati ya mbao mbili na kufungwa kamba. Mimi ningefungua, nihamishie kila jani kwenye karatasi kavu, niianike iliyolowa juani, nifunge tena. Juu ya kila karatasi palikuwa na mwandiko wake: namba, mahali, na urefu wa kutoka chini. Mwandiko huo nisiuguse. Alilirudia jambo hilo mara tatu, nami mara tatu nikasema nimesikia.

Jumanne likashuka furushi la kwanza. Mpagazi aliyelileta alikuwa amelowa chapachapa, meno yanagongana.

"Bwana anasema hili ni la juu kabisa," akaniambia, "miambani, palipokwisha miti. Mvua ilitufukuza, hakuwahi hata kuyatazama vizuri. Amepata shina moja tu mlima mzima. Anasema uyatunze kama yai."

Nikanawa mikono, nikafungua. Mlikuwa na majani sita, membamba, vikonyo vyeusi, vijani vidogo vimepangika kulia na kushoto. Mazuri. Nikageuza la kwanza.

Nyuma kulikuwa na kutu.

Nikageuza la pili, la tatu, yote sita. Kutu tupu, ya kahawia, imeshika mgongo mzima, nikipitisha kidole inabaki kidoleni. Nikaona mambo yote kwa mara moja: Bwana anafungua, anakuta majani yake ya pekee yanaumwa, anauliza yalikuwa mikononi mwa nani. Kazi hiyo ingekuwa njema? Na barua ingeandikwa? Katika fikra zangu sikujiuliza hata kidogo kama kutu ilikuja nayo kutoka mlimani. Kiboko hakikufundishi kuuliza.

Basi nikafanya kazi kama nilivyofunzwa. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikaanza kupangusa taratibu, jani kwa jani, kijani kwa kijani, nimezuia pumzi. Vijani vilivyozidiwa nikavinyofoa. Yeyo aliketi kando ananisaidia kuvikusanya, na vyote tukavitia motoni.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Ugonjwa haulazwi ndani ya nyumba."

Jioni majani yalikuwa safi, mgongo kijani kama uso. Niliyalaza kwenye karatasi kavu nikafunga kamba. Kwa mara ya kwanza tangu habari ya reli nililala usingizi mzito, tena nikaota mume wangu anakula asali.

Alhamisi mchana Bwana akashuka mwenyewe. Alikuwa amechoka, miguu imevimba, lakini ana furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. Alikaa kibarazani akavua viatu, na mkononi alikuwa na kangaga bichi alilolichuma njiani.

"Njoo nikufundishe," akaniita. "Mtu anayefanya kazi vizuri bila kujua anafanya nini, ananisikitisha."

Akanipa kioo chake kidogo cha kukuzia, akaniambia nikilete karibu na jicho. Kisha akaligeuza lile kangaga.

"Mbele hapana habari," akasema. "Kwa mbele makangaga yanafanana kama mapacha, hata mimi yananidanganya. Habari zote ziko mgongoni. Unaona hii kahawia?"

"Naiona, Bwana." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Hizi ndizo mbegu zake. Kangaga halina ua wala tunda. Lina vumbi hili tu. Sasa tazama vumbi limepangwaje. Mistari iliyonyooka, kila mmoja umelala juu ya mshipa, umefunikwa ngozi nyembamba. Likiwa hivi, ni la ukoo ninaoutafuta. Mistari ikipinda kama ndoana, ni la ukoo mwingine. Ikiwa si mistari, ni vidoa vya mviringo, ukoo mwingine tena. Hivyo ndivyo tunavyoyapanga."

"Na likiwa halina kitu mgongoni?"

"Halisemi kitu," akajibu, huku anasugua miguu yake. "Nalitupa."

Yeye, hana hili wala lile, akaendelea kunieleza. Huko kwao wapo wasomi waliobishana naye kwa maandishi. Wao walisema kangaga la miamba ya juu, kama lipo, ni la mistari iliyonyooka tu kama ndugu zake wengine, na yeye anapoteza muda. Yeye alisema halina budi kuwa na ndoana pamoja na mistari, na hivyo lingeziunganisha koo mbili ambazo watu wamezitenganisha bure. Walimcheka mbele ya walimu wake. Miaka minne alikuwa ameibeba aibu hiyo.

"Jumamosi asubuhi, nikishapumzika, nitalifungua furushi lile," akasema. "Siku hiyo tutajua nani mjinga."

Akaingia kulala, kioo akakiacha mezani.

Nilisimama pale nimeshika ukingo wa meza. Kisha nikajikaza, nikachukua kioo, nikafungua kamba. La kwanza safi. La pili safi. Sijawahi kuichukia kazi yangu nzuri kama nilivyoichukia saa ile. Kwenye jani la tano, kwenye ncha kabisa, ambapo kitambaa hakikufika, nikaona kahawia. Nikaweka kioo. Mistari mitatu. Nikageuza huku na huku kwenye mwanga, nikatafuta ndoana kwa jicho la kushoto na la kulia. Ilikuwa imenyooka, yote mitatu, kama mifereji ya shamba letu.

Kwa hiyo wale wenzake walikuwa sahihi, na mtu wa kwanza kulijua jambo hilo duniani nilikuwa mimi, mke wa mfungwa, niliyeshika kioo cha wizi.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwamsha nikamwambia. Nililifikiria. Nilifika hadi mlangoni mwa chumba chake, nikasikia anavyokoroma, nikarudi. Alikuwa amesema fanya kazi yangu vema. Nilikuwa nimeufuta mlima mzima kwa kitambaa chenye maji! Upole wa mtu una kipimo chake, na mimi sikuwa na mume wa kuupimia.

Ijumaa alfajiri nikachukua kibuyu cha maji nikaenda kwenye kijito kilicho juu ya nyumba za mwisho, ndani ya mpaka wa msitu. Wanawake tuliruhusiwa kufika kisimani, chini ya mpaka, si kupita. Nilipita. Bwana hakuwa amewahi kutafuta huko. Palikuwa karibu mno na watu na mbuzi, alipadharau. Makangaga yalikuwa mengi ajabu, kwenye mawe, kwenye magogo, kwenye kingo za maji. Niliingia kijitoni hadi magotini nikaanza kugeuza. Vidoa. Vidoa. Tupu. Mistari, lakini jani ni pana mno. Kila tawi lililodondoka lilinishtua, na jua lilikuwa linapanda. Jumamosi ilikuwa kesho, na Jumatatu ilikuwa inakuja nyuma yake.

Nililipata chini ya jiwe kubwa: jembamba, kikonyo cheusi, vijani vidogo kulia na kushoto. Kwa mbele ungesema ni mtoto wa tumbo moja na lile la miambani. Nikageuza. Karibu na ncha mistari ilinyooka vizuri, lakini kuelekea kwenye kikonyo ilipinda. Ndoana. Nikalitafuta jingine lisilo na ndoana, nikalitafuta kwa roho yangu yote, Mungu ndiye shahidi. Hapo nikasikia mtu anakohoa.

Alikuwa mlinzi wa msitu, yule yule aliyemkuta mume wangu na gogo. Amesimama ukingoni, rungu kwapani.

"Takwenya," akanisalimu, kama mwanamume anavyomsalimu mwanamke kwetu.

"Iko," nikaitikia.

"Umepita mpaka."

"Maji ya chini yamechafuliwa na ng'ombe."

Akanitazama mikononi. "Na hayo?"

"Makangaga."

"Ya nini?"

"Ya kulalia kuku," nikasema. Sijui lilitoka wapi. "Kuku anaatamia, nataka kumtandikia."

Akacheka. Alicheka kabisa, huyu mtu aliyempeleka mume wangu kwenye mnyororo kwa sababu ya gogo. "Chukua, chukua," akasema, "beba na mengine ukipenda. Nani anataka hayo?" Akaenda zake. Jua lilikuwa limepanda, muda wa kutafuta jingine sikuwa nao, nikachuma ya lile la ndoana hadi yakatimia sita.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuyakausha majani sita mabichi kwa siku moja. Nilipasha karatasi jikoni moja baada ya nyingine, nayabana majani katikati yake, karatasi ikipoa naleta nyingine, na Yeyo akikaa mlangoni aangalie kama Bwana anakuja. Alinipa karatasi nilipoinyooshea mkono na kuzipokea zilizopoa. Kufikia jioni yalikuwa makavu kiasi cha kudanganya. Nikayalaza kwenye zile karatasi zenye mwandiko wa Bwana, zilizosema ni ya miambani, palipokwisha miti.

Yale sita ya kweli niliyatia motoni, pamoja na ile ncha yenye mistari mitatu. Kosa la kwanza nililifanya kwa kutokujua. Hili nililifanya macho makavu.

Jumamosi asubuhi akafungua. Nilisimama nyuma yake. Akainua karatasi ya kwanza, akasita, akainusa.

"Mbona inanuka moshi?"

"Unyevu ulikuwa haujaisha jana, Bwana. Nilikausha karatasi motoni."

"Vema," akasema. "Una akili."

Akageuza jani. Akachukua kioo. Niliona shingo yake inageuka nyekundu, nikajua amegundua, nikaanza kutafuta maneno. Kumbe mtu analia. Aliweka kioo mezani akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akakichukua tena, akatazama jani la pili, la tatu, akaanza kucheka na kulia pamoja na kusema maneno ya kwao.

"Ndoana!" akasema kwa Kiswahili, ili nami nifurahi. "Ndoana na mistari, jani moja! Nilijua! Miaka minne, mama!"

Akanishika mikono yote miwili. Hakuna Mjerumani aliyewahi kunishika mkono kabla ya siku ile. Akasema ataliandika, ataliweka kwenye kitabu pamoja na urefu wa mahali, na kwamba kama si mikono yangu miangalifu lingefika limeoza. Akavuta karatasi, akaandika barua palepale, ndefu, kalamu inakimbia. Nilitazama ile kalamu na nikamwonea huruma sana. Nasema kweli. Nilimwonea huruma kama unavyomwonea mtoto anayecheka.

"Bwana," nikasema.

"Nini?"

Alikuwa amekwisha kuikunja barua na kuinyoosha kwangu.

"Hakuna, Bwana. Asante."

Nilitembea hadi mjini bila kupumzika, barua nimeifunga kifuani, nikiogopa jasho litaufuta wino. Bwana wa Boma alikuwa anataka kwenda kula. Aliisoma amesimama, akacheka mahali fulani, akamwambia karani kitu, akapiga mhuri. Mnyororo, wakaniambia, uko Sekei unachimba mfereji. Askari atakwenda nami.

Sikumtambua kwanza. Walikuwa tisa, wote wamefanana kwa vumbi. Askari aliita namba, mmoja akainua uso, akawa ni yeye. Walipomfungua pete ilibidi wamshike, kwa sababu mwili ulikuwa umezoea kuvutwa na ulipoachiwa uliyumba. Wale wanane waliobaki walinitazama. Mimi nilitazama chini. Jumatatu waliondoka.

Njiani mume wangu alitembea nyuma yangu kwa hatua ndogo ndogo, kana kwamba bado kuna mtu mbele na mtu nyuma. Tulipovuka mto akauliza, "Umempa nini yule Mjerumani?"

"Majani."

Hakuuliza tena. Nadhani shaka ilimkaa miaka mingi, na mimi nilimwacha nayo, kwa sababu kumweleza ukweli wote kungekuwa kumpa na hofu yangu, na ya kwangu mwenyewe ilinitosha. Sikuomba ipungue. Niliamini kwamba siku ile Bwana atakapojua, barua itafutwa, na barua ikifutwa mnyororo utarudi kumchukua mtu wake. Bwana alikwenda kwao na masanduku yake. Vita vikaja, Wajerumani wakaondolewa, Mwingereza akakaa bomani. Mtu mwenye akili timamu angepumua. Mimi kila nikiona Mzungu ana kioo cha mkononi nabadilisha njia.

Alikuja mmoja kweli, miaka mingi baadaye, Mwingereza kijana, na kitabu kwapani. Aliuliza nyumba kwa nyumba Olmotonyi nani anajua njia ya kwenda miambani. Alilala juu siku tano. Alishuka ana homa na hasira, akakaa kibarazani kwangu kungoja mvua ipite, akaniambia kwamba kitabu kinasema kuna kangaga la ndoana huko juu na hakuna, amegeuza kila jani, hakuna ila ya mistari. Aliyeandika ama alikuwa mwongo ama kipofu. Nilimpa maziwa ya moto. Nyuma ya nyumba mume wangu alikuwa anachonga mzinga, nalisikia shoka lake: ko, ko, ko. Nikamwambia yule kijana kwamba mimi sijui habari za majani.

Basi kwa wenye kujua habari hizo naandika. Lile la ndoana lilitoka kijitoni, juu ya nyumba za mwisho za Olmotonyi, chini ya jiwe kubwa upande wa kushoto ukipanda. Nililitia mimi kwenye karatasi isiyo yake. Bwana yule hakuwa mwongo wala kipofu. Alidanganywa na mtu aliyemwamini. La miambani lina mistari iliyonyooka. Mume wangu tulimzika mwezi uliopita, na hakuna boma litakaloifikia shingo yake. Sahihisheni vitabu vyenu.